Oili iliyobaki ni yako, ondoka nayo

Ninauza oili za magari Ilala, na kila dumu likitoka dukani naingiza chochote mfukoni. Kwa hiyo ninachotaka kusema leo hakinisaidii kibiashara: magari mengi ya mji huu yanabebeshwa oili kuliko yanavyohitaji, na chanzo chake si mafundi kutojua kazi. Mwenye gari na fundi hawaaminiani, na injini ndiyo inayomezeshwa ushahidi.

Nianze na injini ambayo ukiishi Dar es Salaam lazima umeshabebwa nayo hata kama hujawahi kusikia jina lake. Inaitwa 1NZ-FE. Ndiyo iliyomo kwenye IST, Raum, Probox na Vitz za cc 1500, kwa hiyo ukiita gari kwa simu usiku, mara nyingi ndiyo inayokuja kukuchukua. Ukimwaga oili na kubadilisha filta, injini hiyo inachukua lita 3.7. Ukiiacha filta ya zamani, lita 3.4. Dumu ninalouza ni la lita 4. La lita 3.7 halipo. Zinabaki mililita 300, ujazo wa chupa ya soda, na hizo ndizo zinazoleta maneno.

Simama mbele ya duka langu siku ya Jumamosi utazame. Fundi ameshamwaga oili chafu, amekaza nati, amefunga filta, ameshika dumu. Mwenye gari amesimama nyuma yake, na macho hayapo kwenye injini, yapo kwenye dumu. Amelinunua kwa hela yake likiwa na sili, na shemeji yake ameshamwambia kwamba mafundi wanabakiza oili wakauze. Shemeji hajasema uongo. Bakiza mililita 300 kwa magari kumi na matatu, unakaribia dumu zima, na dumu hilo halikosi mnunuzi. Fundi naye anajua anavyofikiriwa. Basi anamimina yote, anainamisha dumu mpaka linakauka, analing'uta, kisha analigeuza mdomo chini mbele ya mteja: "Umeona, bosi? Hakuna hata tone." Bosi anatabasamu, anaongeza na hela ya maji. Kijiti cha kupimia oili hakijachomolewa.

Sitaki kumtia mtu hofu. Mililita 300 peke yake haziui injini iliyo nzima. Tatizo ni kwamba mara chache zinakuwa peke yake. Kuna siku filta haikubadilishwa, labda hela ya filta imeliwa, labda haikupatikana. Hapo zilizozidi ni mililita 600. Kuna siku gari limefika baridi na oili ya zamani, nzito, haikupewa muda wa kutoka yote. Halafu kuna jambo la ukingo. Mafundi wetu wa barabarani hawana shimo wala jeki ya kuaminika, kwa hiyo tairi mbili zinapandishwa juu ya ukingo wa barabara ili mtu apate nafasi ya kuingia chini. Gari likiwa limelala ubavu namna hiyo, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukichomoa kijiti hapo kinaweza kukuambia pungufu wakati imejaa. Fundi anaongeza. Gari linashuka barabarani likiwa na oili ambayo hakuna aliyeipima.

Sasa oili iliyozidi inafanya nini? Chini kabisa ya injini kuna kranki, inazunguka juu ya bwawa la oili bila kuligusa. Ukiendesha kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki imezunguka mara 50 kwa sekunde moja. Bwawa likipanda mpaka kranki ikaanza kulipiga, kinachotokea ni povu. Pampu ya oili inanyonya hilo povu na kulipeleka juu, na hewa hailainishi chuma. Injini hizi za VVT-i zinategemea presha ya oili hata kupanga muda wa vali, kwa hiyo povu likizidi gari linaweza kukosa nguvu, likatetemeka likisimama kwenye foleni, taa ya oili ikacheza ukikata kona. Wakati huo huo presha ndani ya sampu inatafuta pa kutokea. Inasukuma sili, na sili iliyochoka inaanza kuvuja. Inapeleka ukungu wa oili kwenye bomba la kupumulia, bomba hilo linarudi kwenye njia ya hewa, na injini inaanza kuchoma oili yake yenyewe. Moshi wa bluu unatoka. Plagi zinachafuka, na masega ya kwenye bomba la moshi, kama bado yapo na hayajauzwa, yanaziba taratibu.

Huo moshi wa bluu ndio unaokula hela za watu, maana kila fundi anaujua na karibu kila fundi ana jibu moja: ringi zimekwisha.

Kuna mama mmoja wa Kimara, mteja wangu, ana IST ya biashara aliyomkabidhi kijana amletee hesabu kila wiki. Oili ananunua mwenyewe kwangu, hamtumi kijana, na akishalipa anasema kwa sauti ambayo fundi yeyote aliye karibu ataisikia: "Na yote iingie." Siku moja kijana akaja na gari bila mama, uso umemshuka.

"Shikamoo mzee. Mama kasema nipite kwako kwanza. Gari linatoa moshi, kule gereji wamesema ringi, wanataka kushusha injini."

"Marahaba. Zima, weka pale pa tambarare, tunywe chai."

Chai ilipoisha nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha mpaka mwisho, nikachomoa tena. Alama za kijiti ni mbili, ya chini na ya juu. Oili ilikuwa imeipita ile ya juu kwa umbali unaokaribia ule wa kati ya alama zenyewe, na ilikuwa bado ya rangi ya asali. Nikamuuliza nani ameongeza. Akaanza kukumbuka. Sevisi ilifanyika pembezoni mwa barabara, dumu lote likaingia kama mama alivyoagiza, filta ikaambiwa bado nzuri. Siku chache baadaye, sheli, mtu akamchungulia injini mara tu alipozima, akamwonyesha kijiti kikavu, akamuuzia nusu lita. Bila shaka kilikuwa kikavu. Injini ikizimwa sasa hivi, oili bado iko juu kwenye kichwa cha injini, haijateremka. Ndiyo maana tulikunywa chai.

Kijana wa dukani akalegeza nati, akakinga. Tulipimia kwenye chupa ya maji ya lita moja. Ikajaa, na nyingine kidogo ikabaki kwenye beseni, mpaka kijiti kikasoma sawa. Hesabu inakubali: mililita 600 za dumu na filta, 500 za sheli. Tukafuta plagi. Moshi haukukata siku ile, kwa sababu oili iliyokwisha kuingia kwenye mabomba lazima iungue, lakini ndani ya wiki ulikuwa umekwisha, na ile karatasi ya bei ya ringi, gasketi na ufundi mama ameihifadhi mpaka leo anaonyesha watu. Alipokuja mwenyewe hakufurahi.

"Kwa hiyo kaka, nimelipa ili gari langu liharibike?"

"Mama, ulisema yote iingie. Iliingia yote."

"Sasa mimi ningejuaje? Si nyinyi ndio mnauza madumu makubwa?"

Hapo alinibana, na sikuwa na jibu la haraka. Oili ya kupima kwenye pipa ingemaliza tatizo la ujazo, lakini watu wameshaikimbia kwa kuogopa kuuziwa iliyochakachuliwa, na siwalaumu. Chupa za lita moja moja zipo, ila ukinunua nne unalipa zaidi ya dumu, na bado ya nne utaifungua tu. Kwa hiyo dumu litaendelea kuwa la lita 4, na ni sisi tutakaojifunza kuliacha na kitu ndani.

Kwenye dizeli maneno haya yana uzito mwingine. Niliwahi kuiona Canter Buguruni, dereva amechomoa funguo, ameishika mkononi, na injini inaendelea kupanda tu, inalia, moshi umefunika mtaa. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Ikipata oili kupitia njia ya hewa inaichoma kama mafuta, na funguo haina tena la kusema. Ilizimika fundi mmoja alipoziba mdomo wa bomba la hewa kwa kipande cha ubao. Mkono usiutie pale, utanyonywa.

Na mwenye gari la dizeli au petroli akiona oili inapanda kwenye kijiti bila yeye kuongeza, asifurahi kwamba gari halili oili. Kuna kitu kinaingia: mafuta ya gari, au maji. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, ni maji, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka litazamwe.

Tabia hii ya kujaza mpaka juu haiishii kwenye oili. Ukifungua boneti kuna vikopo vingi vyenye mifuniko, na sisi tumekubaliana kwamba kisichojaa kina upungufu. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kile cha mafuta ya breki. Pedi zikilika, pistoni za breki zinatoka nje kidogo ili kufikia diski, mafuta yanafuata kujaza nafasi ile, na kwenye kikopo yanashuka. Yaani gari linakwambia pedi zinakwisha. Mtu anaona yameshuka, ananunua chupa, anajaza mpaka shingoni. Taa haiwaki, dereva ametulia, pedi zinaendelea kulika mpaka chuma kinasaga chuma. Siku ya kuweka pedi mpya fundi anarudisha pistoni ndani, mafuta yaliyozidi yanapanda, yanafurika, yanamwagikia bodi, na mafuta ya breki yanakula rangi. Halafu mwenye gari anamgombeza fundi kwa rangi. Na kama mafuta yameshuka kwa sababu ya kuvuja, ni hatari zaidi. Kwa vyovyote vile, mtu akija kwangu kuulizia mafuta ya breki namuuliza kwanza pedi zake zina hali gani, na wengine hununia swali hilo.

Gia boksi za automatiki zenye kijiti zina mtego wake. Kijiti kina sehemu ya baridi na sehemu ya moto, na kinasomwa injini ikiwa inaunguruma, gia imeshapitishwa zote na kurudishwa P. Anayepima asubuhi gari baridi kisha akajaza mpaka alama ya moto, amezidisha, maana oili ya gia ikipata moto inatanuka. Matokeo ni povu tena, gia zinaanza kuteleza, oili inatokea kwenye tundu la kupumulia, na jamaa anauziwa gia boksi ya mtumba. Zile ambazo hazina kijiti kabisa, zikiwemo nyingi za CVT, ujazo wake unapimwa kwa nati maalumu na kwa joto maalumu. Hizo zipeleke kwa mwenye kifaa cha kusoma joto. Kukisia lita pale ni kucheza bahati nasibu kwa hela ya mwenye gari.

Petroli nayo. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tetesi ikitembea kwamba bei inapanda, Jumanne jioni sheli zinajaa. Bomba linakatika lenyewe, kwa sababu limetengenezwa likatike tangi likijaa. Dereva anasema ongeza. Linakatika tena. Wanashuka wawili, wanashika gari huku na huku, wanalitikisa kama wanalibembeleza, ili hewa itoke petroli iingie. Petroli imetoka kwenye tangi la chini ya ardhi, ni baridi, na ikipata joto la nyuzi kumi inatanuka kama asilimia moja. Kwenye lita 40 hiyo ni karibu nusu lita, na inatafuta pa kwenda wakati gari limeegeshwa juani Kariakoo. Magari ya siku hizi yana kopo la mkaa la kunasa mvuke wa petroli. Limetengenezewa mvuke, likiingiwa na petroli yenyewe linaharibika, na dalili yake ni gari kugoma kuwaka vizuri kila likitoka sheli. Watu wanabadilisha pampu, wanabadilisha plagi, hakuna anayeuliza kuhusu kutikisa. Faida ya kujaza mpaka shingoni usiku wa bei, ukiipigia hesabu, ni hela ya andazi.

Mengine nayapita. Maji ya kwenye kopo la rejeta yakizidi, gari litayatema lenyewe barabarani na utadhani linavuja, si ugonjwa. Maji ya betri yakizidi yanachemkia nje wakati wa kuchaji, yanakuja na asidi, yanakula kitako cha betri na vichwa vya waya. Gesi ya AC inapimwa kwa gramu na karatasi ya gramu hizo imebandikwa chini ya boneti. Anayekujazia mpaka bomba liote umande bila mzani anakuchezea kompresa, na ajabu yake ni kwamba gesi ikizidi AC inapoa kidogo kuliko mwanzo.

Nirudi kwenye oili, maana hapo ndipo penye hela na ugomvi. Nawaomba wenye magari waache kusema "yote iingie". Sema "ipimwe". Gari likiwa tambarare, injini imezimwa dakika tano hadi kumi, kijiti kimefutwa. Ikisoma popote kati ya alama mbili, umemaliza. Si lazima iguse ile ya juu, na kuwa chini yake kidogo hakumaanishi umeibiwa. Madumu mengi yana mstari unaopitisha mwanga ubavuni, wenye namba za lita. Tazama pale kabla fundi hajaanza, tazama akimaliza. Kilichobaki kifungwe, kiwekwe kwenye buti. Ni chako. Sevisi tatu za IST zinakuachia karibu lita moja, na siku oili ikipungua njiani utakuwa na ya kuongezea ya aina ile ile, bila kuuziwa nusu lita na mtu asiyesubiri injini itulie.

Mafundi nao, ambao nimekuwa mmoja wao mpaka magoti yaliponiambia basi, waache kuona haya kurudisha dumu lenye kitu. Mteja akikutazama vibaya, mwonyeshe kijiti. Dukani kwangu sasa hivi mabaki yanaandikwa namba ya gari kwa maka peni juu ya dumu lenyewe, mbele ya mwenyewe, na ugomvi umepungua sana.

Kama imeshazidi, kupunguza ni kazi ya dakika chache. Nati ya chini inalegezwa kidogo, au mpira mwembamba unapitishwa kwenye tundu la kijiti na oili inavutwa kwa bomba la sindano kubwa. Kwa mdomo hapana, najua tumezoea. Fundi akikutoza elfu tano kwa hilo, mlipe.

Halafu zipo kadi za sevisi, zile zinazoning'inizwa karibu na usukani. Zina tarehe, zina kilomita za sasa, zina kilomita za kurudi, zina jina la oili. Hazina lita. Fundi amemimina kiasi gani, na filta imebadilishwa au la, hakuna anayejua akishaondoka, na fundi wa pili anaanza kukisia upya. Kuongeza safu mbili kwenye karatasi ile hakumgharimu mchapaji chochote. Nimeshamwambia wa kwangu, na kadi za safari ijayo zitakuja nazo. Fundi akiziacha wazi, mwenye gari asitoe hela mpaka zijazwe.